Tuwapeleke Watoto Bagamoyo, na Tuwaambie Ukweli



Wapendwa wasomaji, wengi wetu tumewahi kupanda basi la hija kwenda Bagamoyo. Ratiba yake tunaijua. Parokiani tunaondoka alfajiri, Rozari inasaliwa njiani, kisha Misa, sala kwenye msalaba ulio karibu na bahari, picha ya pamoja, wali na soda chini ya miembe, na kabla ya giza kila mtu yupo kwake. Sisi wenyewe tumekwenda hivyo mara tatu na jumuiya yetu, na kila mara tumerudi tukimshukuru Mungu. Hatuandiki haya kuipinga hija.

Mwaka huu, katika likizo ya Juni, tulikwenda kwa namna nyingine. Tuliazima gari la ndugu yetu, tukawachukua watoto wetu watatu pamoja na Bibi yao, mama mzazi wa mmoja wetu, tukasafiri siku nne: Bagamoyo siku mbili, Pangani siku moja, na kurudi kupitia Tanga. Mtoto wetu wa kwanza ni frateri wa mwaka wa pili wa falsafa. Wa pili ni binti wa Kidato cha Pili. Kitindamimba yuko darasa la nne. Nia yetu ilikuwa ndogo tu, kuona majumba ya kale, kuogelea, kula samaki na kupumzika. Tulirudi tukiwa na jambo ambalo tunaona haifai kulinyamazia, ndiyo maana tumeomba nafasi katika gazeti hili.

Maoni yetu ni haya: imani yetu katika nchi hii ilibebwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa watumwa, na wajukuu wao tuko nao katika madhabahu, katika kwaya na katika jumuiya zetu. Lakini tumewafundisha kuona aibu. Aibu hiyo familia ndizo zenye wajibu wa kuiondoa kwanza, kisha parokia, na mafrateri wa leo ambao kesho watakuwa mapadre wetu.

Tueleze ilivyokuwa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo si mbali, ni kama kilomita 70 kupitia Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege. Tulifika kabla ya saa sita mchana. Kwa kuwa hatukuwa na basi la kuliwahi, tulianzia Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Pale pana magofu ya msikiti wa karne ya 13, miongoni mwa misikiti ya kale zaidi iliyojulikana Tanzania Bara, pamoja na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe. Kitindamimba alishangaa kusikia kwamba miaka mia sita kabla wamisionari hawajashuka pwani hii, watu wa hapa walikuwa wakimwabudu Mungu mmoja na kuwazika wafu wao kwa heshima. Tulifurahi kwamba alilijua hilo kabla hajaiona misheni. Mgeni anayefika nyumbani kwa watu hupiga hodi, na wamisionari wetu walipiga hodi katika mji uliokuwa na wenyewe.

Jioni tulitembea Mji Mkongwe. Nyumba nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zikashikiliwa na boriti za mikoko, na milango yake ni ya kuchongwa kwa mkono. Baadhi zimekarabatiwa. Nyingine zimebaki kuta, na mizizi imepenya kwenye mawe. Tuliiona Caravan Serai, mahali pa kupumzikia misafara iliyotoka bara na pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi. Tuliona Ngome Kongwe, na Boma ambalo Wajerumani walilijenga. Makao makuu ya utawala wao yalikuwa hapa hadi walipoyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891. Tuliona pia shule iliyotokana na ukarimu wa Sewa Haji, tajiri wa Kihindi mzaliwa wa Bagamoyo, ambaye alitaka ipokee watoto wa kila rangi.

Binti yetu aliuliza jina la mji lina maana gani. Tulimpa maelezo yote mawili yanayosimuliwa. Wapo wasemao mpagazi alipofika pwani baada ya miezi ya kutembea, aliubwaga moyo, maana mzigo umetuliwa. Na wapo wasemao ni mtumwa aliyeubwaga moyo hapa, kwa kuwa mbele yake ilikuwa bahari, na nyumbani hataona tena. Frateri alisema anayapenda maelezo ya kwanza. Bibi alikuwa kimya. Tulidhani amechoka.

Siku ya pili tulikwenda misheni, na huko ndiko hasa tulikotaka kuwafikisha ninyi wasomaji.

Historia yake mafrateri mnaijua vizuri kuliko sisi. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Zanzibar tangu mwaka 1863, na mwaka 1868 walivuka wakaanzisha misheni Bagamoyo chini ya Padre Antoine Horner. Walianza na watoto na vijana waliokombolewa utumwani. Masista Mabinti wa Maria, waliotoka kisiwa cha Réunion, waliwalea wasichana na kuwauguza wagonjwa. Mwaka 1872 kimbunga kikali kilibomoa sehemu kubwa ya walichojenga, wakaanza tena. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao, lakini watu waliendelea kukamatwa na kuuzwa kwa siri miaka mingi baadaye. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Hebu tuutazame mwaka huo tena: 1922. Wapo kati yetu ambao baba zao walikuwa wamekwisha kuzaliwa.

Tulisimama kwenye mnara uliobaki wa kanisa la kwanza. Mnara huo watu huuita kwa jina la Livingstone, kwa sababu mwili wake ulilazwa pale Februari 1874 ukiwa njiani kwenda kuzikwa Uingereza. Livingstone hakuwa Mkatoliki, na mapadre waliupokea mwili wake kwa heshima. Hilo ni zuri la kuwaambia watoto. Lakini mwili haukuja wenyewe. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake wakiongozwa na Chuma na Susi waliubeba kwa muda wa miezi tisa hivi, zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu. Chuma mwenyewe alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Kitindamimba akauliza, "Sasa mbona mnara hauitwi Mnara wa Chuma?" Frateri alicheka, halafu akakosa jibu. Nasi hatukuwa nalo.

Kisha tuliingia Nyumba ya Masista, ambayo leo ni makumbusho. Tulipofika penye minyororo, Bibi alisimama muda mrefu kuliko sisi sote. Halafu akatoka nje bila kusema neno, akaenda kukaa chini ya mwembe. Mmoja wetu alimfuata akidhani presha imepanda. Alimkuta analia taratibu, bila sauti.

Hapa inafaa tueleze jambo moja. Bibi ni mzaliwa wa Mhonda, Turiani. Tangu tulipokuwa watoto, akiulizwa kabila lake, jibu lake limekuwa lile lile: "Sisi ni watu wa misheni." Wengine walicheka, wakidhani ni utani wa mtu aliyezoea kanisani. Sisi wanawe tulikua tukiandika kabila la baba na kusahau la mama. Siku ile, akiwa na miaka 81, alitueleza maana ya "watu wa misheni".

Babu yake aliibwa akiwa mtoto mdogo, mahali fulani bara. Alikumbuka ziwa kubwa na wimbo ambao mama yake alikuwa akiimba, lakini jina la kijiji alilipoteza njiani. Alifika pwani, akakombolewa, akalelewa Bagamoyo, akabatizwa na kupewa jina jipya, akafundishwa useremala, akaoa binti aliyelelewa na Masista. Miaka michache baada ya misheni ya Mhonda kuanzishwa mwaka 1877, yeye na mkewe walikuwa miongoni mwa kaya za Wakristo zilizotumwa huko kuwa mwanzo wa kijiji. Ndivyo wamisionari walivyofanya: walipofungua misheni za bara, kwanza Mhonda, kisha Mandera na Morogoro, hawakwenda peke yao. Walikwenda na familia zilizotoka utumwani. Familia hizo ndizo zilizowaonyesha majirani jinsi Wakristo wanavyoishi, wanavyolima, wanavyosali na kuzikana.

"Kwa nini hukutuambia, Bibi?" frateri aliuliza.

Bibi alimjibu kwamba dada yake mkubwa alichumbiwa na kijana wa ukoo unaojulikana, Mkatoliki safi, mahari ikaanza kulipwa. Wazee wa upande wa kijana wakaulizia asili. Walipojua, walirudi nyumbani kwao, na hawakuonekana tena. Dada yake hakuolewa mpaka alipofariki. Baba yao akawakusanya watoto waliobaki akawaambia neno "mtumwa" lisitamkwe tena katika nyumba ile. "Nami nimetii miaka yote hii," Bibi alisema. "Nimeona minyororo ile nikasema, basi."

Tulikaa chini ya mwembe ule zaidi ya saa moja. Kitindamimba alilala mapajani mwa Bibi. Frateri alikuwa amefaulu vizuri mtihani wa historia ya Kanisa, na ile miaka, 1863, 1868, 1877, aliijua kwa mpangilio. Alisema hakuwahi kufikiri kwamba katika miaka hiyo alikuwamo babu yake.

Siku ya tatu tuliondoka kwenda Pangani kupitia Msata na Segera hadi Muheza, tukaacha lami, tukashuka katikati ya mikonge na minazi hadi pwani. Pangani ni mji mdogo na tulivu. Mto mpana unaingia baharini, ng'ambo yake ni Bweni, na kivuko kinakwenda na kurudi mchana kutwa kikiwa na pikipiki, kuku, magunia na wanafunzi. Majumba ya zamani yapo, mengi yamechoka. Boma lake husimuliwa kwamba lilipojengwa, watumwa walizikwa hai katika nguzo zake. Hayo ni masimulizi, tukawaambia watoto wayapokee kama masimulizi. Lakini hakuna haja ya kuongeza chumvi, kwa sababu mambo yaliyothibitika yanatosha kuogofya.

Pangani ndiko Abushiri bin Salim alikonyongwa na Wajerumani mwezi Desemba 1889, baada ya kuongoza watu wa pwani kupigana nao. Binti yetu aliuliza, "Baba, huyu alikuwa mtu mwema au mbaya?" Tulimwambia kwamba alipigana na wageni waliokuja kuipora nchi, na kwa hilo anastahili heshima. Tulimwambia pia kwamba alikuwa mwenye mashamba, na mashamba ya pwani wakati ule yalilimwa na watumwa. Yote mawili ni kweli, na moja halifuti jingine.

Akatafakari kidogo, kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Na misheni je?"

Ni swali la haki, na sisi Wakatoliki tusilikwepe. Misheni ya Bagamoyo iliokoa maisha. Katika vita ile ya Abushiri ilifungua milango yake kwa umati wa wakimbizi, bila kuuliza dini ya mtu. Lakini wale watoto waliokombolewa kwa fedha hawakuulizwa wanataka kwenda wapi. Waliishi kwa kengele, wakalima mashamba ya misheni, ndoa zao zikasimamiwa na mapadre, na wapo waliotoroka. Padre Paul Kollman wa Shirika la Msalaba Mtakatifu alichapisha mwaka 2005 kitabu kizima juu ya watu hawa, akionyesha kwamba hawakuwa udongo wa kufinyangwa tu. Walilalamika, walidai, waliamua, na wengi wao, kama babu yake Bibi, waliipokea imani ikawa yao kweli. Tulimwambia binti kwamba mapadre wale walikuwa watu wa wakati wao, na wengi walikufa vijana wakihudumia wagonjwa; makaburi yao tumeyaona. Tunawashukuru. Lakini shukrani isiyotaka kusikia upande wa aliyekombolewa ina kasoro. Mtakatifu Yohane Paulo II hakuona haya mwaka 1992, alipofika kisiwa cha Gorée kule Senegal, kuomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki biashara ya watumwa. Kama Baba Mtakatifu aliweza kusema hivyo mbele ya dunia, nasi tunaweza kusema hivyo mbele ya watoto wetu.

Jioni ile tulilala nyumba ya wageni ya mama mmoja Mwislamu, mtu wa makamo. Alimsalimu Bibi, "Shikamoo, Bibi. Mmetoka wapi?" Bibi akaitikia marahaba, akasema tumetoka Bagamoyo. Halafu, bila kuulizwa zaidi, akaongeza, "Nilikwenda kuona alikopitia babu yangu. Alikuwa mtumwa, akakombolewa pale." Ilikuwa mara ya kwanza tumsikie akilisema kwa mgeni. Mwenyeji wetu alikaa kwenye kigoda, akamimina chai, akasema, "Bibi, hata huku kwetu wapo wengi. Hatusemi tu." Wakazungumza wawili hao mpaka usiku, nasi tukaenda kulala. Siku ya nne tulipita Tanga mjini, tukala samaki, tukarudi Dar es Salaam tukiwa tumechoka.

Sasa turudi kwenye maoni yetu.

Tangu turudi tumewasimulia baadhi ya wanajumuiya habari hii, nao wametupa pingamizi tatu. Ni vizuri kuzijibu.

Wa kwanza walisema, "Kwa nini kufukua makaburi? Yamepita." Jibu letu ni kwamba hayajapita. Yangekuwa yamepita, Bibi asingelia. Hadi leo, katika baadhi ya koo, mchumba anapotajwa, mzee mmoja ataegemea kwa mwenzake na kunong'ona kwamba mtu huyo hana asili. Vijana huachana kwa neno hilo na paroko hajui sababu. Tena Maandiko hayatufundishi kusahau. Waisraeli waliamriwa kumwambia kila mtoto anayeuliza, katika usiku wa Pasaka, kwamba baba zao walikuwa watumwa Misri na Bwana akawatoa. Hawakuambiwa waseme kwamba walikuwa wafalme. Kumbukumbu ile iliwekwa katika kinywa cha baba, nyumbani, mezani. Nasi tunasema kila mara kwamba familia ni Kanisa la nyumbani. Mbona jambo hili tumeliacha nje ya mlango?

Wa pili walisema kwamba mambo ya utumwa huchochea chuki kati yetu na ndugu zetu Waislamu au Waarabu. Tunakubali kwamba yanaweza kuchochea, yakisimuliwa kwa nia ya kushtaki. Biashara ile ilikuwa na mikono mingi. Walikuwapo machifu wa bara waliouza watu wao, wafanyabiashara wa pwani, wenye mashamba, matajiri wa Kihindi waliokopesha misafara, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliotaka pembe za ndovu na karafuu bila kuuliza zimetoka wapi. Akisimuliwa mtoto orodha yote hiyo, hawezi kunyoosha kidole upande mmoja. Na mazungumzo ya Pangani yametuonyesha kwamba aibu hii wanayo na majirani zetu. Wakristo na Waislamu wanaweza kuitua pamoja.

Wa tatu walisema, "Safari ni gharama." Hilo ni kweli, na hatutaki kumwongezea mtu mzigo. Sisi tuliazima gari, tulilala nyumba za wageni za kawaida, tulibeba maji na mkate. Lakini si lazima siku nne, wala si lazima gari. Daladala za Bagamoyo zipo kila siku, na siku moja isiyo na haraka inatosha kuanzia. Na aliye mbali asione ameachwa nje, kwa kuwa misheni za zamani ziko kila kona ya nchi hii, na karibu kila moja ina nyumba ya kwanza, makaburi ya kwanza na wazee wanaojua ni nani waliozikwa pale.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, wazazi: mkienda, mchukueni mzee. Msimwache nyumbani kwa kuhofia miguu yake. Sisi tulikaribia kumwacha Bibi ili gari lisibane, na tukikumbuka hilo tunaogopa. Nyumba ya kale bila mzee ni mawe tu, na mwongoza wageni, hata awe hodari namna gani, hawezi kuwaambia watoto wenu habari za ukoo wao.

Pili, kamati za hija za parokia: punguzeni kitu katika ratiba, mwape mahujaji saa mbili za kuona nyumba zenyewe. Wapitishwe makumbusho, wasimame makaburini, waambiwe habari za Chuma na Susi na za kaya zilizokwenda Mhonda, Mandera na Morogoro. Na katika sala za waamini siku hiyo, waombewe kwa kutajwa wale Wakristo wa kwanza waliokombolewa utumwani, ambao wengi hatujui hata majina waliyopewa na mama zao. Viingilio vinavyolipwa hapo navyo vinasaidia paa lisianguke.

Tatu, mafrateri wapendwa: mtihani mnafaulu, tunawapongeza. Likizo ijayo, kaeni na bibi na babu zenu mwulize walikotoka. Msishangae wakinyamaza mara ya kwanza. Mtakapokuwa mapadre, mtawaandaa wachumba na kutangaza ndoa. Mkisikia uchumba umevunjika kwa sababu ya asili, msiliite jambo la mila na kuliacha lipite. Ni dhambi dhidi ya ubatizo, na mna ruhusa ya kulisema hivyo altareni.

Nne, sisi sote tumtumie Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alikuwa binti wa Sudan, akaibwa, akauzwa mara nyingi, hata jina lake la kuzaliwa likampotea kwa hofu. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000, na sikukuu yake, tarehe 8 Februari, ni siku ya kuwaombea wahanga wa biashara haramu ya binadamu, ambayo bado ipo. Baadhi ya mabinti wetu wanaopelekwa mijini kufanya kazi za ndani wanaijua. Jumuiya ikisali siku hiyo, mtu mmoja akiombwa asimulie habari za ukoo wake, itakuwa hatua.

Tumalizie na Bibi. Wiki mbili baada ya kurudi, jumuiya yetu ilisalia nyumbani kwetu. Mwenyekiti alikuwa akiandika daftari jipya la wanajumuiya, akafika kwa Bibi, akamuuliza kwa mazoea, "Bibi, kwenu ni wapi?" Bibi alisema Mhonda, na kabla ya hapo Bagamoyo, na kabla ya hapo penye ziwa kubwa ambalo babu yake hakulijua jina. Mwenyekiti aliacha kuandika. Kisha mama mmoja, aliyekuwa ameketi karibu na mlango na ambaye tumesali naye zaidi ya miaka kumi, alinyoosha mkono na kusema, "Na sisi pia."